Hapavunjwi Kijiti

Mpwa wangu anayeishi Embu hupeleka wageni mlimani kwa gari dogo. Juzi alinitumia karatasi ya ukurasa mmoja anayotaka kuwagawia abiria wanaosoma Kiswahili: walimu kutoka Tanga, wanakwaya kutoka Kisumu, familia za Mombasa zinazokimbia joto la Januari. "Mjomba," aliandika, "nimejaribu mwenyewe. Nirekebishie maneno mawili matatu tu, mengine yako sawa." Nikasoma hadi mstari wa saba, nikakwama. Ulisema hivi: Kutoka kambini, tembea kidogo hadi kwenye Hekalu, ulione Ziwa Michaelson likiwa chini.

Nilimpigia simu. Hekalu gani lililojengwa juu ya Mlima Kenya?

"Hakuna hekalu, Mjomba," akanijibu. "Ni jabali."

Jabali hilo liko upande wa mashariki wa mlima, katika njia ya Chogoria. Mpandaji akishafika kwenye vidimbwi vya Hall, juu ya mita 4,200 kutoka usawa wa bahari, hutembea kidogo hadi ukingoni, na hapo ardhi inakatika. Chini kabisa, kiasi cha mita 300, Ziwa Michaelson limetulia kama maji kwenye kiganja, ndani ya korongo refu linaloitwa Bonde la Gorges. Wapandaji waliosema Kiingereza walipafananisha na nyumba ya ibada, wakapapa jina hilo, na ramani zikalishika. Hakuna paa wala nguzo, na hakuna kuhani. Kuna ukingo wa mwamba, upepo, na mtu aliyenyamaza kwa sababu macho yamemzidi.

Nikarudi kwenye karatasi, na sasa niliona kwamba maneno matatu yananisumbua, wala si moja. Mji wa Embu ulikuwa umeitwa "stesheni ya kilima". Mahali pa kuonea mandhari palikuwa pameitwa "mitazamo". Na kila mahali panapoheshimiwa, kuanzia mwamba ule hadi vichaka vya wazee, palikuwa "hekalu". Kwa siku kumi nilitembea na maneno hayo matatu kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Makala hii ni habari ya siku hizo kumi, na ya safari niliyofunga nazo.

Nianze na kilima.

Katika Kiswahili tunachofundisha shuleni, ki- hupunguza. Mti hupunguzwa ukawa kijiti, mto ukawa kijito, mlima ukawa kilima. Ndiyo maana kila darasa lina mtoto mmoja atakayeuliza kwa nini mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, wenye mita 5,895, jina lake linaanza na Kilima. Mwalimu hujikuna kichwa. Lakini safiri ukafike Meru, swali hilo linapungua uzito. Kwa Kimeru, kama kwa Kikuyu, kirima ni mlima mzima, mkubwa upendavyo. Anayetaka kuudogosha huchukua ka-, akasema karima. Mzizi ni ule ule, -lima kwetu na -rima kwao, ila kiambishi kimepewa kazi nyingine. Mtoto wa Nkubu anaposema kwa Kiswahili kwamba nyumbani kwao "kuna kilima", msikilizaji wa Mombasa hupiga picha ya kichuguu, na mtoto yule ana maana ya mlima unaofunika nusu ya anga.

Na pwani nako neno hili lina siri yake. Watu wa Unguja huiita pwani ya bara inayowakabili Mrima, na wengi wanaochunguza asili ya maneno huona humo mlima wenyewe: nchi inayoinuka ukiitazama ukiwa baharini. Yaani kwa mtu wa kisiwani, mlima ni kule kunakoanza kupanda, hata kama hakuna kilele. Urefu wake hauulizwi. Kinachoulizwa ni kwamba wewe uko chini na ile nchi iko juu.

Nadhani hiyo ndiyo sababu Kiswahili kimekataa kupunguza majina ambayo Kiingereza kiliyapunguza. Safu inayotoka kaskazini-mashariki ya mji wa Meru, yenye majani chai na miraa, Waingereza waliiita kwa neno lao la vilima. Sisi tunasema Milima ya Nyambene, kama tunavyosema Milima ya Taita. Na tuna haki. Vijito vinavyotiririka kutoka Nyambene ndivyo vinavyonywesha Mbuga ya Meru, nchi ya joto kali iliyoko chini yake. Kitu kinachowanywesha tembo na vifaru, na kabla ya hapo kikawapa watu wa Igembe shamba na riziki, hakiwezi kuitwa kwa jina la kupunguza.

Hata mlima mkuu wenyewe una majina yanayosema umeonekana kutoka wapi. Johann Ludwig Krapf aliuona tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani, katika nchi ya Kitui, alikokuwa mgeni wa Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Jina la Wakamba ndilo lililofika Ulaya na hatimaye likawa jina la nchi nzima. Wakikuyu husema Kirinyaga. Watu wengi hulifasiri jina hilo kwa mbuni, ndege mwenye manyoya meusi na meupe, kwa kuwa theluji na mwamba vilichanganyika kama manyoya yake. Wameru husema Kirimara, na hulieleza kwa weupe na madoa hayo hayo. Macho matatu, pande tatu, na kila upande umeona weusi na weupe. Krapf huyo huyo alitunga kamusi kubwa ya Kiswahili, iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Hunifariji kujua kwamba mtu aliyekusanya maneno yetu kwa uvumilivu mwingi kiasi hicho alikuwa pia amesimama kwenye mwinuko akauliza wenyeji, "Ule unaitwaje?" Kazi ya istilahi huanza kwa swali hilo.

Sasa "stesheni". Waingereza waliokuwa India waliijenga miji ya milimani kama Shimla na Darjeeling ili wakimbie joto la nyanda za chini, wakaiita kwa neno lao la kituo. Mpwa wangu alilifuata neno hilo hatua kwa hatua. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili, stesheni ni ya gari moshi au ya polisi. Akisoma kwamba Embu ni stesheni ya kilima, atauliza treni inapita saa ngapi.

Neno lililotumika hapa Afrika Mashariki ni boma. Kwanza lilikuwa ua wa miti au miiba unaowazunguka ng'ombe na nyumba, kisha ngome, kisha ofisi ya serikali. Mpaka leo Tanzania mtu huenda bomani kushughulikia mambo yake. Waingereza waliweka boma Embu mwaka 1906. Mwaka 1908 ofisa Edward Butler Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, akaanzisha boma la Meru. Hewa ya baridi iliwapendeza. Mito ya mlimani ilitiwa samaki wa kigeni aina ya trauti, na Embu mpaka leo ina hoteli inayoitwa Izaak Walton, jina la Mwingereza aliyeandika kitabu mashuhuri cha uvuvi wa ndoana mwaka 1653. Jina hilo peke yake linasema mji uliwaziwa kuwa nini: mahali pa kukaa kando ya maji ya baridi na kusahau jua.

Lakini boma linabeba kodi na kipande na amri. Sikutaka kumkaribisha mgeni kwa neno hilo. Nilikumbuka jinsi nyumbani kwetu Mombasa mtu akiinuka kutoka homa ndefu wazee walivyosema, "Apelekwe bara akabadili hewa." Kubadili hewa! Msemo huo tumekuwa nao siku zote, na hakuna aliyefikiri kwamba ni istilahi. Ndani yake yamo yote: joto uliloliacha, baridi uliyoifuata, mwili uliochoka na matumaini ya kurudi mzima. Wahindi nao husema kwa Kihindi kwamba wanakwenda "kula hewa", wakitumia neno lile lile la Kiarabu tunalotumia sisi. Kwa hiyo nikaandika: Embu, mji wa kubadili hewa, kwenye kimo cha mita 1,350 hivi. Mtu wa Mombasa ataelewa kabla hajamaliza mstari.

Hekalu ndilo lililonishika zaidi.

Neno lenyewe lina safari ya kuheshimiwa. Tulilipata kutoka Kiarabu, haykal, na jamaa yake wa Kiebrania ndilo linalotaja hekalu la Yerusalemu. Ukizidi kurudi nyuma unakuta Kiakadi cha Mesopotamia, ekallu, na nyuma yake Kisumeri, lugha iliyoandikwa kwenye vigae vya udongo: e-gal, nyumba kubwa. Kwa zaidi ya miaka elfu nne neno hili limekuwa likisema jambo moja, kwamba aliye mkuu anakaa katika nyumba kubwa. Linafaa kabisa kwa hekalu la Wahindu la Mombasa au Nairobi, lenye milango na sanamu na kengele. Lakini ukilipeleka Embu na Meru linakosa la kushika, kwa sababu wazee wa huko hawakujenga nyumba kubwa kwa ajili ya Mungu. Walichagua mahali.

Chukua kichaka cha Mwene Ndega, karibu na Runyenjes. Simulizi za Waembu husema kwamba hapo ndipo alipokaa mzee huyo, baba wa kabila, na mkewe aliyekutana naye kando ya maji. Pana miti, na miti hiyo haikatwi. Chukua Ziwa Nkunga, katika msitu wa mlima juu ya mji wa Meru, kwenye kimo cha mita 2,350 hivi, lililojaa ndani ya shimo la volkano ya kale. Katika maandishi ya wanasayansi waliochimba tope lake ili wasome chavua za mimea ya maelfu ya miaka, linaitwa kwa Kiingereza Ziwa Takatifu, kana kwamba sifa hiyo ni jina lake la kuzaliwa. Wenyeji wanalitaja kwa jina la mnyama wa kutisha ambaye simulizi zinamweka majini humo. Hakuna aliyejenga chochote. Utakatifu uko kwenye maji, kwenye kivuli na kwenye woga wa heshima.

Waandishi wa magazeti wakiandika juu ya Nchiru, makao ya Njuri Ncheke katika Tigania, mara nyingi huchagua neno madhabahu. Mwanzoni nililipinga, kwa kuwa madhabahu kwangu ni meza iliyo mbele kanisani. Kisha nikalifungua. Ni Kiarabu, na shina lake ni lile la dhabihu na kuchinja: madhabahu ni mahali pa kuchinjia. Na kweli Nchiru huchinjwa dume la ng'ombe watu wanapopatanishwa au wanapoapa. Basi neno limegusa kitu, ila limekamata mkono mmoja tu wa mtu. Njuri Ncheke ni baraza. Ncheke ni neno la wembamba, na wengi hulieleza kuwa ni baraza lililochujwa, waliobaki baada ya wengi kupepetwa. Wazee hukaa, husikiliza kesi za mipaka na mahari, hutoa hukumu. Pale Nchiru pana jengo, lakini jengo ni mgeni wa juzi tu. Sheria ilitangulia, na kikao kilitangulia sheria.

Ndipo nikakumbuka kwamba Kiswahili kina kitu ambacho Kiingereza hakina kabisa, na sikioni kwetu kimezoeleka mno hata hatukisikii. Kina ngeli ya mahali.

Tazama ilivyo. Nomino ya ngeli hii ni moja tu, mahali, nayo tumeiazima kwa Waarabu. Jirani zetu Wakikuyu wamebaki na neno la Kibantu lenyewe, handu. Lakini upatanisho wetu ni wa kale na haujaguswa: pa-, ku-, mu-. Hapa pana mugumo. Huku kuna msitu. Humu mna giza. Ukisimama mbele ya kichaka kitakatifu unazihitaji zote tatu kwa mpangilio huo huo: kwanza unapaona pale ulipowekewa mpaka, kisha unahisi kunakoenea, kisha, ukiruhusiwa, unaingia mnamokaliwa na kimya. Na sifa yoyote ikikubali pa- huwa mahali bila kuhitaji nyumba: padogo, pazuri, patakatifu.

Patakatifu. Watafsiri wa Biblia walilitumia kwa chumba cha ndani cha hekalu, na wengi wetu tunalisikia kwa masikio hayo. Lakini neno lenyewe halina ukuta. Shina lake ni kutakata, kuwa safi. Patakatifu ni mahali palipotakata, basi. Watu wa Meru, wanaomwita Mungu Murungu, jina ambalo ni ndugu wa Mungu wetu, walikuwa na mahali pa namna hiyo kabla ya kuhubiriwa kwa lugha yoyote. Inasimuliwa kwamba Wamethodisti walipofika Meru mwaka 1912 walipewa Kaaga, na jina hilo hufasiriwa kuwa ni pa waganga, kwa maana aga kwa Kimeru ni waganga. Kanisa likajengwa, shule ikajengwa, na mahali pale pakaendelea kuheshimiwa kwa njia nyingine. Nyumba inaweza kubadilika au kuanguka. Pa- inabaki.

Wamijikenda wa kwetu pwani wanatusaidia kulielewa jambo hili. Kaya zao zilikuwa vijiji vyenye boma ndani ya msitu. Watu walipohama, nyumba zikaoza, msitu ukabaki, na utakatifu ukaongezeka badala ya kupungua, hata mwaka 2008 misitu hiyo ikaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mlima Kenya ulikuwa umeandikwa mwaka 1997. Mtu anayetafuta hekalu katika nchi hizi mbili atarudi na picha za miti na kusema hakuona kitu. Anayetafuta patakatifu atakuwa amepakanyaga.

Nikaandika patakatifu mahali pote palipokuwa na hekalu, isipokuwa mstari wa saba. Pale nikaandika Jabali la Hekalu, kwa sababu hilo limekuwa jina la pekee na mpandaji atalihitaji kwenye ramani. Jina la pekee ni kama jina la mtu: hulibadilishi kwa kuwa hulipendi.

Likabaki neno la tatu, la mahali pa kutazamia. "Mitazamo" haikufaa, kwa sababu mtazamo umehamia kichwani. Mtu ana mtazamo juu ya siasa au malezi. Nikajaribu matazamio, nalo nikakuta limekwenda zaidi, limekuwa matarajio ya mambo yajayo. Maoni ni ya mawazo, maono ni ya manabii. Inaelekea kila tulipochukua kitenzi cha macho na kukitengenezea nomino, nomino ile ilitukimbia ikaingia rohoni. Mandhari, kutoka shina la Kiarabu la kutazama, ni kile kinachoonekana: bonde, mawingu, mashamba. Hainipi mahali pa kusimama. Upeo wa macho, ambao naupenda kuliko maneno yote ya jiografia kwa kuwa unakiri kwamba mwisho ni wa macho yetu na dunia inaendelea, uko mbali mbele. Nilihitaji jina la mwamba ulio chini ya miguu.

Jibu lilinijia garini. Tulikuwa tumetoka Embu asubuhi kuelekea Meru, kwenye barabara inayopanda na kushuka kila mto unapokatiza kutoka mlimani: Thuci, kisha Nithi, kisha Mutonga. Mpwa wangu alikuwa akieleza habari za Tharaka, chini kwenye joto, ambako watu hulima mtama na uwele na kupigana na ndege msimu wote wa masuke. "Mtoto anashinda juu ya jukwaa na kombeo," akasema, "anaona shamba lote."

Ulingo, nikasema kwa sauti.

Ulingo ni hicho hasa: jukwaa la miti shambani, anapokaa mlinzi wa mazao ili aone ndege na nyani kabla hawajafika. Wengine husema dungu. Siku hizi tunausikia zaidi katika ulingo wa siasa na ulingo wa ndondi, kiasi kwamba vijana hudhani ulizaliwa kwenye mabishano. Lakini asili yake ni mahali palipoinuka ambapo mtu hutazama kwa sababu anakijali anachokitazama. Ndiyo inayonifanya nilipende. Mgeni anayesimama kwenye ulingo hajaja kupiga picha na kuondoka tu. Neno linampa kazi kidogo ya ulinzi. Anayeliona bonde lote amepewa bonde lote alitunze, walau kwa muda wa pumzi kumi.

Na nani anayesimama pale? Mtalii. Neno hili nalo tunalitumia kama sarafu iliyochakaa sura. Kutalii, kabla ya mashirika na viingilio, kulikuwa kuchunguza na kusoma kwa makini, ndiyo maana tuna mutalaa, yaani usomaji. Shina lake la Kiarabu lina maana mbili zilizoshikana: kuchomoza au kupanda juu, na kuangalia jambo hadi ulijue. Kutoka humo tumepata pia matlai, mashariki panapochomoza jua, na upepo utokao huko. Kwa hiyo mtalii, katika mfupa wa neno, ni mtu apandaye na asomaye. Siwezi kuwaza maelezo bora ya anayekwenda Mlima Kenya. Na kama atakwenda, ni vizuri ajue kwamba mlima hujionyesha alfajiri. Jua likishapanda kidogo, mawingu hufunga. Matlai ndiyo saa yake.

Nikaongeza na ziara. Serikalini siku hizi ziara ni ya waziri. Lamu na Mombasa ziara ni kwenda kwenye kaburi la mtu mwema, kwa adabu, ukavua viatu, ukasoma dua. Maana zote mbili ziko katika kitenzi kimoja, kuzuru, na nchi ya Meru na Embu inazihitaji zote. Wameru wenyewe husimulia kwamba walitoka kwenye kisiwa cha pwani kiitwacho Mbwaa, wakiwakimbia watu waliowaita Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu. Walivuka maji kwa makundi chini ya kiongozi wao Koomenjoe: waliovuka usiku wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wekundu, waliovuka jua limetoka weupe, na koo zinakumbuka rangi hizo hadi leo. Wapo wanahistoria wanaoiona Mbwaa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Nguo ni nguo kwao na kwetu. Mtu wa pwani anayepanda Meru huenda anazuru jamaa waliotangulia kupanda.

Karatasi ikawa tayari, nasi tukairudisha Embu. Asubuhi ya mwisho tulipanda Kirimiri, mlima wenye msitu karibu na Runyenjes. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani alitangulia mbele yetu, fimbo mkononi. Tulifika ulingoni mapema. Kusini-mashariki nchi ya Mbeere ilikuwa imetandikwa, ya kahawia, na upande wa pili vilele vya Kirinyaga vilikuwa wazi, vyeusi na vyeupe. Tulikaa. Mpwa wangu alimwomba mzee nimsomee karatasi, naye akakubali, akaegemea fimbo.

Alisikiliza yote. Kwenye kubadili hewa alitabasamu. Kwenye ulingo aliinua mkono kuonyesha mashamba ya chini, akasema alipokuwa mtoto alikaa juu ya ule wa baba yake misimu mingi. Kisha akaniuliza, "Na hapa tulipo, mwalimu, umeandika nini?"

Nilimsomea mstari wa tisa: Hapa ni patakatifu pa wazee. Wageni wanaombwa kupaheshimu.

Alinyamaza kidogo. "Wanaombwa na nani?" akauliza.

Sikuwa na jibu.

"Andika hivi," akasema. "Hapa hapavunjwi kijiti."

Niliona mara moja alichonifanyia. Katika sentensi yangu palikuwa na mwombaji na mwombwa, na mwombwa angeweza kukataa. Katika yake hapakuwa na mtu. Mahali ndipo palipobeba kitenzi, na kijiti, mti uliopunguzwa kwa ki- hadi ukawa mdogo kuliko kidole, kilikuwa kimelindwa na sarufi nzima ya lugha. Sote tunasema hapa hapavutwi sigara bila kufikiri. Yeye, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, alikuwa ameipa ngeli ile kazi iliyoumbwa kwa ajili yake.

Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kuteremka. Nilimwita, nikamwambia mstari wa tisa umebadilika. Alirudi, akatoa simu, akaandika maneno matatu, kisha akaitia mfukoni na kuangalia chini, mahali alipokuwa akikanyaga.